Siku Resauo Alipomwona Dada Yake Akicheza

"Shemeji," alisema Resauo, akimtazama Kintin na si dada yake, "Jumamosi na mimi mnipeleke uwanjani."

Taieko alikuwa amepiga magoti mlangoni, sahani ya shelisheli la kuponda mkono mmoja, kopo la samaki mkono wa pili. Hakuinua uso. Alivisogeza vyote mpaka kwenye kisanduku kilichokuwa karibu na kiti cha magurudumu cha kaka yake, akanong'ona, "Tirow, kaka," yaani niwie radhi napita, kisha akarudi kinyumenyume, ameinama, mpaka ukumbini. Huko ndiko alikonyoosha mgongo. Goti lake la kulia lilimuuma, akaliegemeza ukutani.

Ndani, mama yao aliacha kutafuna.

"Uwanjani kufanya nini?" aliuliza Mama Nemwar.

"Kumwona anavyocheza."

"Kumwona nani?"

"Ah, Mama! Nani mwingine? Kisiwa kizima kimemwona. Mapadri wamemwona, Wajapani wanaokuja kupiga mbizi wamemwona, hata mbwa wa hapa Iras wamemwona. Mimi niliyetoka naye tumbo moja ndiye sijamwona. Inaingia akilini hiyo?"

"Inaingia. Wewe ni kaka yake."

"Najua mimi ni kaka yake. Na Jumamosi ndiyo fainali, na ndiyo mechi yake ya mwisho, na mimi..."

Kintin, mume wa Taieko, muuza barafu bandarini, mtu asiyependa kabisa ugomvi wakati wa kula, akasema, "Shemeji, kula kwanza. Samaki watapoa."

"Samaki wa kopo hawapoi, Kintin. Usinizungushe."

Kwetu Chuuk, visiwa vya Mikronesia, dada hasimami wima pale alipokaa kaka yake. Atainama, atapiga magoti, atatambaa ikibidi. Na kaka mwenye utu, akiona dada anakuja, huinuka yeye kwanza ili dada apite kichwa juu. Ndivyo tulivyolelewa, wala hatuoni kuwa ni mateso. Shida ilikuwa moja tu: Resauo hakuwa na namna ya kuinuka. Mguu wake wa kushoto ulibaki Guam, umekatwa juu ya goti kwa sababu ya ugonjwa wa sukari, na baada ya mguu zikaja figo. Madaktari wa huko walitaka kumfunga kwenye mashine ya kusafisha damu. Akawaambia asanteni sana, nipelekeni uwanja wa ndege. Alipofika hapa Weno na kiti chake cha msaada wa kanisa, kinacholia gurudumu moja, hakuna aliyeuliza amerudi kwa muda gani. Tulijua. Na yeye alijua kwamba tunajua.

Tangu aliporudi, basi, Taieko alikuwa akiishi ndani ya nyumba yake mwenyewe ameinama. Anapika ameinama, anafagia ameinama, anapeleka maji ameinama. Huyo ndiye Taieko ambaye watu wa visiwa jirani vya Fefan, Tonoas na Uman wakisikia jina lake husonya.

Acha niseme habari zake kidogo, maana wageni hawamjui. Alianza kucheza mpira wa kikapu uani kwao, kikapu chenyewe ni pete ya pipa iliyopigiliwa kwenye mnazi. Kaka zake, wakubwa kwa wadogo, walikuwa wakikaa kivulini pale pale, wanaparua nazi na kupiga soga. Mtoto wa kike atachezaje mbele yao? Alicheza ameinama. Alidunda mpira chini, kimo cha kifundo cha mguu, anapita kati yao kama kaa anayekimbilia shimo. Siku moja Resauo, mkubwa wa wote, alimtazama hivyo kwa muda, akainuka, akaondoka zake bila neno. Kesho yake pia akaondoka, akawaburuta na wadogo zake. "Njooni tukakae kwingine," aliwaambia. "Huyu anyooke." Na tangu siku hiyo, mpira ulipoanza kudunda uani, Resauo hakuonekana.

Taieko alinyooka, lakini ule udundaji wa chini haukumtoka. Alipoingia timu ya kijiji chetu cha Iras akiwa kigori, sketi ndefu juu ya kaptula kama sote tulivyowataka wanawake wavae, hakuna aliyeweza kumpokonya mpira. Utamwinamia mpaka uvunjike kiuno. Halafu ghafla ananyanyuka, na mpira umeshaingia. Alikwenda Michezo ya Mikronesia akarudi na medali shingoni na mashada ya maua kichwani mpaka haoni njia. Chuo kimoja cha Hawaii kilimtaka, akaenda, akakaa, akashindwa na baridi ya vyumba vyao na upweke, akarudi akaolewa na Kintin, akazaa, akaendelea. Iras ilichukua kombe na kuchukua tena. Wasichana wetu walipewa jina lake. Hata wazee waliokuwa wakinung'unika kuhusu wanawake kurukaruka hadharani walianza kubeba viti vyao wenyewe kwenda kumtazama.

Wote, isipokuwa kaka zake, maana si heshima kaka kukaa akimtazama dada yake akirukaruka. Na katika kaka hao, wengine wakafa, wengine wakahamia Marekani, akabaki Resauo. Kule Guam vijana walimwonyesha dada yake kwenye simu, akaisukuma ile simu. "Hiyo ni kunusa chakula cha jirani," alisema.

Sasa alitaka kula.

*

Weno ni kisiwa kidogo na midomo yake ni mikubwa. Kabla shelisheli la jana halijachacha, habari ilikuwa imefika bandarini.

Taieko alikuwa amechuchumaa sokoni, anachagua magimbi kwa mama mmoja wa Fefan, aliposikia anaitwa kutoka kwenye boti.

"Eeh, malkia! Kaka hajambo?"

Alikuwa ni Eskar, mwenye boti la abiria la Fefan, mshabiki ambaye sauti yake peke yake ilitosha kujaza uwanja. Taieko alimjua. Walikuwa wakitukanana kila msimu, na akipata shida ya boti ni Eskar huyo huyo anayemvusha bila nauli.

"Hajambo. Wewe timu yako imejifunza kushika mpira, au bado mnaushika kama gimbi?"

Watu wakacheka. Eskar naye akacheka, halafu akasema kwa sauti ya juu zaidi, "Sisi Jumamosi hatuhitaji kushika mpira! Tutamwekea kaka yako kiti mstari wa mbele. Tuone malkia atacheza vipi kwa magoti!"

Hapo kicheko kilikuwa kikubwa zaidi. Hata mama wa magimbi aliziba mdomo kwa kitambaa chake cha kichwani, kisha akaona haya, akaongeza gimbi moja juu ya fungu bila kuombwa. Taieko alilipa. Aliondoka na kapu lake.

Alipofika kwa Kintin, palipo sanduku la barafu, alilitua kapu chini.

"Sichezi," alisema.

"Nani kakwambia nini?"

"Sichezi, Kintin. Nikicheza atataka kuja. Akija nitainama, na nikiinama wale watacheka. Watanicheka mimi, sawa, nimeshazoea. Lakini watamcheka na yeye. Watasema mtu mzima hata kusimama kumheshimu dada yake hawezi. Unataka asikie hayo na siku zake zilivyobaki chache?"

Kintin alifuta mikono yake iliyokufa ganzi. "Kwa nini tusimweke juu ya gari? Akiwa juu na wewe chini, utakuwa umekosa nini?"

"Umemuuliza?"

"Nimemuuliza asubuhi."

"Akasemaje?"

"Akasema yeye si nguruwe wa matanga wa kupandishwa garini watu wakitazama."

Taieko alicheka, kisha macho yakajaa machozi. Alimpenda mno yule kaka, na tatizo ni kwamba alikuwa hajawahi kuwa na mahali pa kumwambia.

*

Wasichana wa timu walikuja nyumbani jioni wakiwa wamebeba mkate, mchele na mashada ya maua, kama wanaokuja kuhani. Wakakaa ukumbini. Serlin, aliyekuwa mdogo wao kuliko wote na ndiye aliyetazamiwa kurithi nafasi ya Taieko, alianza kulia kabla hajasema lolote.

"Dada Taieko, usipocheza tutafungwa."

"Mtafungwa, mtazoea. Hata mimi nilifungwa."

"Lini?"

"Kabla hujazaliwa."

"Mimi siwezi kuongoza. Mikono inatetemeka."

"Itatetemeka mpaka lini? Mwanamke gani wewe?"

Nyumba zetu kuta zake ni mbao nyembamba. Resauo alikuwa upande wa pili, anasikia kila kitu, na kila mtu alijua kwamba anasikia. Kaka hamwiti dada yake mbele ya watu akamwambia la moyoni. Huzungumza na mtu mwingine kwa sauti inayofika. Basi akapaza sauti kumwambia mama yake, aliyekuwa amekaa hatua mbili tu kutoka kwake.

"Mama! Nimefikiria lile jambo la Jumamosi. Siendi. Joto lile nitaliweza wapi? Mimi nitabaki hapa na redio yangu. Huyo binti yako akacheze."

Mama Nemwar akajibu kwa sauti ile ile, "Nimesikia, baba. Umefanya vizuri."

Ukumbini Serlin akajipangusa pua kwa mkono. Taieko alitazama ule ukuta wa mbao, kisha akachukua shada moja la maua, akalivaa, ndipo wasichana wakajua kwamba atacheza.

Ndani, Mama Nemwar alimsogelea mwanawe, akamshika kichwa kama anavyoshikwa mtoto mwenye homa. Resauo alimwachia. Alikuwa amesema uongo, maana hamu yake haikupungua hata chembe, na mama alijua.

*

Jumamosi nyumba za Iras zilibaki tupu. Mama Nemwar mwenyewe alikwenda, amevaa gauni la kanisani. Resauo alibaki na redio, lakini redio ilikuwa ikitoa matangazo ya vifo na salamu za wagonjwa, hakuna mpira. Alichosikia ni sauti ya kipaza sauti kutoka uwanjani ikija kwa vipande juu ya mapaa ya mabati, na baada ya kila kipande, kelele za watu. Alikuwa anajaribu kukisia ni kelele za nani.

Lori dogo likasimama nje. Akashuka Eskar na vijana wawili wa Fefan.

"Mzee Resauo! Dada yako katutuma. Anasema uje."

"Dada yangu? Awatume ninyi watu wa Fefan?"

"Watu wake wote wako uwanjani, mzee. Angemtuma nani?"

Resauo hakuwa mjinga. Nusu yake ilijua kabisa kwamba ule ni uongo. Lakini nusu ya pili ilishaanza kutafuta shati.

"Sikilizeni," alisema. "Mniweke nyuma. Nyuma kabisa, nyuma ya watu, mimi nimwone, yeye asinione. Mmenisikia?"

"Nyuma kabisa, mzee."

Wakambeba pamoja na kiti chake. Njiani Eskar alikuwa anacheka na vijana wake kuhusu mambo mengine, na Resauo, aliyekuwa amekamata ubavu wa lori kwa mikono miwili, alikuwa na furaha ambayo hakuwa nayo tangu aliposhuka kwenye ndege. Namhurumia nikikumbuka. Alikuwa amevaa shati lake la Pasaka.

Uwanja wetu una paa bila kuta, na waya umezunguka. Iras walikuwa wanaongoza. Taieko alikuwa anautembeza mpira chini, polepole, anawaita wale mabinti wa Fefan wamfuate, na watu wameshaanza kucheka kwa raha ya kujua kitakachotokea. Mailo, mtangazaji wetu, alikuwa juu ya meza na kipaza sauti chake. "Anawapikia, jamani! Anawapikia taratibu, moto mdogo!"

Ndipo umati wa upande wa Fefan ukafunguka. Vijana wakapita na kiti cha magurudumu, gurudumu linalia, moja kwa moja mpaka kwenye waya, mstari wa mbele, mahali ambapo hata kipofu angekiona.

"Mlisema nyuma," alisema Resauo. "Eskar, nilisema nyuma!"

"Hapa ndipo panaonekana vizuri, mzee."

Taieko alinyanyua macho akakutana na ya kaka yake. Alichofanya hakukipanga. Miguu ilimkunja yenyewe, mgongo ukashuka, kichwa kikaingia mabegani, na mpira ukamtoka mkononi. Binti wa Fefan akauokota akakimbia nao, akafunga peke yake.

Upande wa Fefan ukalipuka. "Malkia kapiga magoti! Malkia kapiga magoti!"

Iliendelea hivyo, na ilikuwa aibu kuitazama. Taieko hakutoka, kwa sababu kutoka ni kuwaonyesha kwamba wameweza. Lakini hakunyooka. Alikimbia ameinama na lile goti bovu, akatoa pasi ameinama, na kila alipotaka kuruka, kitu kilimshika. Kurusha mpira ameinama hakuna awezaye, hata yeye. Fefan wakawafikia, wakawapita. Mailo alikuwa ameshuka mezani, anataja pointi tu.

Kintin alifika mbio, kajawa na jasho, akashika vishikio vya kiti. "Shemeji, nakutoa hapa."

"Nitoe," alisema Resauo. Uso wake ulikuwa mwekundu. "Nitoe upesi. Nimefanya upumbavu."

Kintin akaanza kugeuza kiti. Hapo hapo Taieko, akifukuzia mpira, akajikwaa mbele yao, akaanguka kwa mikono miwili. Nyuma ya Resauo kijana mmoja akapiga kelele, "Sasa tambaa!"

"Ngoja," alisema Resauo.

"Shemeji, twende."

"Kintin, nimesema ngoja. Funga magurudumu."

Akaingiza vidole kwenye matundu ya waya, vya mkono mmoja, kisha vya mkono wa pili. Akavuta. Alikuwa mtu mkubwa, na ugonjwa ulikuwa umemwacha na uzito bila nguvu. Waya ulipinda. Mara ya kwanza alirudi kitini kwa kishindo, na watu wachache wakacheka. Mara ya pili hawakucheka. Mguu mmoja ulinyooka chini yake polepole, suruali ya upande wa pili ikining'inia tupu, na Resauo akawa amesimama.

Mabinti wa Fefan waliacha kucheza, na refa hakupuliza. Kila mtu pale, wa Iras kwa wa Fefan, alikuwa dada wa mtu au kaka wa mtu, na alielewa anachokiona. Eskar alisogea akataka kumshika kwapani.

"Toa mkono wako."

"Mzee, nisamehe. Ilikuwa mizaha ya mpira tu, sikujua..."

"Ulijua. Toa mkono."

Eskar akautoa. Lakini hakuondoka. Alisimama nyuma ya yule mzee, mikono ameitanguliza kidogo, tayari, na alikuwa analia. Kintin naye akasimama upande wa pili.

Resauo alimtazama tu dada yake, amesimama. Na Taieko, aliyekuwa bado sakafuni, alinyanyuka, akanyoosha magoti, akanyoosha mgongo, akanyoosha shingo. Ilikuwa mara ya kwanza tangu utotoni wawili hao kutazamana uso kwa uso, wote wamesimama, mbele ya watu.

"Mpira!" alimwambia refa.

Robo ile ya mwisho sijui niielezeje. Nimeona mpira mwingi na sijaona kama ule. Goti lilimuuma na hakulisikia. Aliupitisha mpira chini ya mikono yao, chini ya magoti yao, akanyanyuka, akafunga. Akafunga tena. Akampa Serlin pasi ya nyuma ya mgongo ambayo Serlin mwenyewe hakuiona mpaka ilipomgonga kifuani. Mailo alikuwa amerudi juu ya meza, sauti imemkauka. Upande wa Fefan walikuwa wanashangilia timu yao, lakini wengi wao walikuwa wanapiga makofi Taieko akifunga, na hawakujua kama wanapiga. Na kila alipofunga alitupa jicho kwenye waya kuhakikisha kwamba kaka yake ameona, kama mtoto.

Sekunde za mwisho alifunga la kusawazisha. Refa akapuliza. Timu zimelingana, na ikabidi waongezewe muda.

Watu waliruka kwa furaha. Taieko hakuruka. Alikuwa amekwisha ona ule mguu.

Alikwenda mpaka kwenye waya. Jasho lilikuwa linamtoka Resauo kidevuni, shati la Pasaka limeganda mwilini, na ule mguu mmoja ulikuwa unatetemeka kuanzia pajani mpaka unyayoni. Waya ulikuwa umemkata vidole.

"Kaka," alisema, bila kumpitia mtu yeyote. "Kaa."

"Nikikaa utainama."

"Nitainama."

"Basi sikai. Nenda, wanakungoja."

"Mguu unatetemeka."

"Mguu ni wangu. Uache utetemeke."

Taieko alishika waya pale pale alipokuwa ameshika kaka yake, kwa upande wake wa ndani. "Umeniona?"

"Nimekuona."

"Umeniona vizuri?"

"Walikuwa wananiambia. Miaka yote walikuwa wananiambia, na mimi nikadhani wanatia chumvi. Kumbe walikuwa hawajui kusimulia."

Taieko alitikisa kichwa. Aligeuka akaita, "Serlin! Chukua nafasi yangu. Wewe ndiye nahodha."

Kocha alikuja mbio. "Taieko, umechanganyikiwa? Zimebaki dakika chache tu! Utaliacha kombe?"

"Nimechoka, kocha."

"Hujachoka! Nimekuona, hujachoka!"

"Basi sijachoka," alisema Taieko. "Lakini nimemaliza."

Alitoka kwa mlango wa waya, akazunguka, na watu wakampisha. Alikishika kile kiti, akakisogeza mpaka kikagusa mguu wa kaka yake, akahakikisha magurudumu yamefungwa. Kisha akakaa chini, kwenye saruji, kando ya kiti, kichwa chake chini kabisa ya pale ambapo kichwa cha kaka yake kingefika akikaa.

"Kaa sasa," alisema. "Na mimi nimekaa."

Resauo aliendelea kusimama kidogo, kama mtu asiyeamini. Halafu akaachia waya, Eskar na Kintin wakampokea, na safari hii hakuwafukuza. Mailo alitangaza, "Taieko ametoka," akarudia, "Jamani, Taieko ametoka."

Mpira ukaanza. Serlin alikuwa anatetemeka mikono kama alivyosema. Resauo aliegemea mbele, anapumua kwa nguvu, macho kwenye mchezo.

"Sasa yule kwa nini kapigiwa filimbi?" aliuliza.

"Ametembea na mpira."

"Si lazima atembee? Atafikaje kule asipotembea?"

"Anatakiwa audunde, kaka. Akiacha kuudunda asimame."

"Kumbe!" Akafikiri. "Na yule mrefu, kwa nini wanamwachia arushe peke yake na wote wanamtazama?"

"Amechezewa vibaya. Ni adhabu."

"Adhabu kwake?"

"Kwa wapinzani wake waliomgusa."

"Ahaa." Akasikiliza, akajifunza, na dakika ile ile akapiga kelele zilizosikika uwanja mzima, "Refa! Katembea huyo! Katembea!" Hakuwa ametembea. Watu walicheka na Eskar akacheka, na Taieko akacheka mpaka akaegemeza kichwa kwenye gurudumu la kiti.

Serlin alikosa la mwisho. Mpira ulizunguka kwenye pete ukatoka nje, na Fefan wakaingia uwanjani wakirukaruka, kwa mara ya kwanza kombe likiwa lao.

"Imeisha?" aliuliza Resauo.

"Imeisha, kaka."

"Tumeshinda?"

"Wameshinda Fefan."

"Ni kwa sababu yangu."

"Ni kwa sababu ya Serlin. Kaharakisha. Atajifunza."

Watu walikuwa wanakusanya viti vyao, na wengi walipita mbele yao taratibu, wanaume wakigusa bega la Resauo, wanawake wakiinama kidogo. Yeye alikuwa bado anatazama uwanja uliobaki mtupu.

"Mwakani," alisema, "usicheze. Tukae hivi hivi, uwe unanieleza. Maana huu mchezo wako bado sijauelewa vizuri."

"Ndiyo, kaka," alisema Taieko, na akalia pale pale sakafuni, kwa sauti, mbele ya watu wote, na Resauo hakumwambia anyamaze.